Lombardia: ukae upande wa Como na Tirano, au upande wa Bergamo na Iseo?

Wageni wengi wenye siku tano au sita kaskazini mwa Italia hulala Milano na kila asubuhi hukimbilia mahali tofauti: leo Como, kesho Bergamo, keshokutwa Garda. Jioni wanarudi hoi, na maziwa yote yamewachanganyikia kichwani. Mkoa wa Lombardia una watu milioni 10 hivi, na umetandaa kutoka vilele vya barafu mpakani mwa Uswisi hadi mashamba ya mpunga na mahindi ya bonde la mto Po. Humalizi kuuona kwa safari moja, hata ukimbie vipi.

Ninachoshauri ni kuchagua njia moja ya reli na kulala humo humo. Zipo mbili zinazokupa mlima, ziwa na mji wa kale bila kukodi gari. Ya kwanza inatoka Milano, inapita Lecco na Varenna kando ya Ziwa Como, na inaishia Tirano, chini ya Alps. Ya pili inatoka Bergamo hadi Brescia, na hapo unabadilisha treni inayopanda kando ya Ziwa Iseo hadi Edolo. Nitazilinganisha hizo mbili, kisha nitasema kidogo kuhusu Ziwa Garda na mji wa Mantova, maana wapo ambao moyo wao hauko kwenye reli yoyote kati ya hizi.

Maziwa

Kwa sura, Como inaishinda Iseo, na hapo sibishani. Ziwa lina umbo la Y iliyopinduliwa, kina chake kinapita mita 400, na milima inashuka wima hadi majini kiasi kwamba vijiji vimejibana kwenye ukingo mwembamba. Matawi yanapokutana ndipo zilipo Varenna, Bellagio na Menaggio, na feri huzunguka kati ya miji hiyo kutwa nzima. Varenna hadi Bellagio ni kama dakika 15. Upande wa Tremezzo kuna Villa Carlotta na bustani zake, na kwenye rasi ya Lenno kuna Villa del Balbianello. Majumba haya yalijengwa na watu wenye fedha na vyeo, na mpaka leo ziwa hili lina bei za watu wa aina hiyo. Chumba cha kawaida cha Bellagio mwezi Julai kinaweza kumaliza fedha ambazo upande wa Iseo zingekulaza siku mbili.

Tatizo jingine ni umati. Kuanzia Juni hadi Septemba, treni ya asubuhi kutoka Milano Centrale hadi Varenna, safari ya saa moja na dakika chache, hujaa mpaka watu wanasimama milangoni na masanduku yao, hasa Jumamosi na Jumapili. Na ukishafika, Varenna na Bellagio ni ngazi za mawe kila upande. Ukiwa na mtoto kwenye kigari, au umesafiri na mama mwenye maumivu ya magoti, jitayarishe kumsubiri kila baada ya kona. Ndiyo maana mimi ningelala Lecco au Colico, miji miwili iliyo kwenye reli hiyo hiyo. Lecco ni mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi, una maduka ya kawaida, na mlima Resegone wenye kilele cha meno kama msumeno umeusimamia mgongoni. Colico iko kaskazini kabisa mwa ziwa, pametambarare, na alasiri upepo uitwao breva huvuma kutoka kusini na kuleta watu wenye mbao na tanga zao.

Ukifika Varenna, usikimbilie boti mara moja. Tembea kusini hadi Fiumelatte, kijito cha mita 250 hivi tu kinachofoka kwenye mwamba kikiwa povu jeupe tupu na kuingia ziwani kabla hujamaliza kukishangaa. Leonardo da Vinci alikitaja katika maandishi yake. Hutiririka kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kisha hukatika, kwa hiyo anayekuja Januari atakuta mawe makavu.

Iseo ni dogo, kilomita za mraba 65 hivi, na halina majumba ya kifahari ya kujivunia. Lina kisiwa kiitwacho Monte Isola, na hicho kwangu kinatosha. Ni mlima uliosimama katikati ya maji: kanisa la Madonna della Ceriola, juu kabisa, liko kwenye mita 600 kutoka usawa wa bahari. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Wageni hutembea au hukodi baiskeli, wenyeji wana pikipiki zao, na basi dogo linaunganisha vijiji. Unashuka stesheni ya Sulzano, unateremka hadi gatini, na boti inakuvusha kwa dakika chache hadi kijiji cha Peschiera Maraglio. Mwaka 2016 msanii Christo alitandaza juu ya maji njia ya kutembea iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya dhahabu, na katika siku 16 walipita watu zaidi ya milioni moja. Kisha njia ikakunjwa, na kisiwa kikarudi kwa wavuvi na wasuka nyavu.

Pale Peschiera, kando ya maji, utaona matao ya miti yenye kamba zilizovutwa kutoka ncha hadi ncha, na kwenye kamba hizo samaki wembamba wa fedha wametundikwa mmoja mmoja wakaushwe na upepo na jua. Wenyeji huwaita sardine ingawa ni samaki wa maji baridi. Wakishakauka hupangwa kwenye mikebe, hushindiliwa, hufunikwa mafuta na kuachwa miezi. Siku ya kuliwa huchomwa kwenye makaa na kupakuliwa na polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa. Aliyekulia Mwanza au Kigoma ataitambua harufu kama ya dagaa kabla hajawaona wenyewe. Como nao wanao samaki wa namna hii, huwaita missoltini, lakini kule utawakuta zaidi kwenye sahani ya mgahawa kuliko juani.

Kwa mwenye watoto, au anayetaka kukaa ukingoni mwa ziwa bila kugombea nafasi, Iseo ndiyo yenyewe. Kwa fungate, au kwa mtu aliyetamani mandhari ya Como maisha yake yote, ukimpeleka Iseo utamwonea.

Milima

Hapa reli ya Como ina karata kubwa. Treni inayotoka Milano huishia Tirano baada ya saa mbili na nusu hivi, na jirani ya stesheni hiyo iko stesheni nyingine ndogo ya reli ya Uswisi, ile ya Bernina, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Treni nyekundu huanzia Tirano, mita 429 juu ya usawa wa bahari, inapita katikati ya mtaa karibu kabisa na basilika ya Madonna di Tirano, inazunguka daraja la mviringo la Brusio, kisha inapanda hadi Ospizio Bernina, mita 2,253, bila reli ya meno ya kuisaidia. Baada ya saa moja na kidogo umetoka kwenye mizabibu na kuingia kwenye barafu.

Watu hukimbilia kukata tiketi ya treni ya kitalii yenye madirisha makubwa, ambayo lazima ulipie kiti mapema. Treni ya kawaida ya wenyeji inapita reli ile ile, ni nafuu, haihitaji kuwekewa kiti, na kwenye baadhi ya mabehewa dirisha linafunguka, jambo ambalo mpiga picha atalishukuru. Wala huna haja ya kufika St. Moritz, mwisho wa safari. Shuka Alp Grüm, mita 2,091, tazama barafu ya mlima Palü, kunywa chai, rudi. Ukitaka kwenda mpaka mwisho na kurudi siku hiyo hiyo ukiwa umelala Varenna, siku nzima itaishia kwenye kiti cha treni. Bora ulale Tirano usiku mmoja. Uswisi imo ndani ya Schengen, hivyo viza yako inatosha, lakini pasipoti usiiache hotelini. Na kumbuka bei za ng'ambo ni za faranga.

Tirano pia ndiyo mlango wa kwenda Bormio kwa basi, mji uliochaguliwa kwa mbio za wanaume za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya 2026. Juu yake kuna njia ya Stelvio, mita zaidi ya 2,750, ambayo theluji huifunga miezi mingi ya mwaka. Hiyo ni ya wenye gari, pikipiki au mapaja ya kuendesha baiskeli.

Reli ya Iseo haipandi mahali kama Ospizio Bernina. Treni inakwenda polepole, na kutoka Brescia hadi Edolo inachukua kama saa mbili. Lakini njiani kuna Capo di Ponte, katika bonde la Val Camonica, na hapo pana kitu ambacho sehemu ya Como haina mfano wake: miamba iliyochongwa michoro kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1979 ndiyo ilikuwa mahali pa kwanza pa Italia kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kabla ya Roma, kabla ya Venezia. Michoro iliyohesabiwa bondeni inapita 140,000.

Kutoka stesheni unapanda kwa miguu hadi hifadhi ya Naquane. Ndani ni msitu mtulivu, na chini ya miti kuna mabamba ya mwamba yaliyolainishwa na barafu ya zama za kale mpaka yakawa na mng'ao wa kijivu na zambarau. Kwenye mwamba ulioandikwa namba 1 pekee kuna karibu michoro 1,000: paa wenye pembe za matawi, wapiganaji wenye ngao, mitambo ya kufumia iliyosimama na vipande vya uzito vikining'inia chini ya nyuzi. Mingi iligongwa nukta kwa nukta na watu walioitwa Camuni, takriban katika miaka elfu ya mwisho kabla ya Kristo. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa limelala upande. Saa sita mchana mwanga hupiga wima na michoro hupotea machoni, ukadhani umedanganywa. Ua moja la Camuni ndilo leo liko kwenye bendera ya mkoa wa Lombardia, jeupe juu ya kijani, na utaliona kila ofisi ya umma. Kwa mwalimu, mwanafunzi au mzazi mwenye watoto wadadisi, mimi ningeiweka Naquane mbele ya treni nyekundu.

Miji

Katika hili reli ya pili inashinda kwa mbali. Mji wa Como una kanisa kuu zuri, historia ya hariri, na kumbukumbu ya Alessandro Volta, aliyezaliwa hapo mwaka 1745 na kutengeneza betri ya kwanza. Kuna pia treni ya kamba inayopanda Brunate tangu 1894. Ni mchana mmoja. Zaidi ya hapo, mji wa Como hauko kwenye reli ya Varenna. Una reli yake, na wengi hawalijui hilo mpaka wameshalipia chumba.

Bergamo ni miji miwili: wa chini, wenye stesheni na maduka, na wa juu, Città Alta, uliozungushiwa ukuta ambao Venezia ilianza kuujenga mwaka 1561 kujihami dhidi ya Milano ya Wahispania. Ukuta huo wa kilomita sita hivi bado umekamilika, na tangu 2017 ni Urithi wa Dunia. Unapanda kwa treni ya kamba, iliyoanza 1887, na ukitoka juu unakwenda moja kwa moja hadi Piazza Vecchia. Nyuma yake kuna basilika ya Santa Maria Maggiore, alikozikwa mtunzi wa muziki Donizetti. Lala angalau usiku mmoja huko juu au karibu yake, kwa sababu saa nne usiku kengele ya mnara wa Campanone hupigwa mara 100, kama ilivyopigwa zamani kutangaza kuwa milango ya mji inafungwa. Watalii wa mchana wameshaondoka wakati huo.

Brescia haina sifa kama hizo, na hilo ni dhuluma. Makumbusho ya Santa Giulia yamo ndani ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 753 na Desiderio, aliyekuja kuwa mfalme wa mwisho wa Walongobardi, watu walioupa mkoa huu jina lake, na chini ya bustani yake kuna nyumba za Warumi zenye sakafu za vigae vidogo vya rangi. Mtaa huo huo una Capitolium, hekalu la mwaka 73, na ndani yake sanamu ya shaba ya Ushindi Mwenye Mabawa. Kwa safari, Brescia ndiyo kituo bora kuliko Bergamo: treni za Iseo huanzia hapo, treni za mwendo kasi za Milano na Venezia husimama hapo, na Bergamo iko umbali wa saa moja hivi. Mtaa wa Carmine una wahamiaji wengi na chakula cha halali kinapatikana kirahisi kuliko vijiji vya ziwani.

Kwa chakula, ndugu Waislamu wawe macho na casoncelli za Bergamo, yaani tambi zilizojazwa: zina nyama ya nguruwe ndani na juu. Upande wa Tirano, pizzoccheri ni tambi za unga wa rangi ya giza zilizochanganywa na kabichi, viazi, jibini na siagi, bila nyama. Bresaola, nyama kavu ya Valtellina, bonde ulimo mji wa Tirano, kwa kawaida ni ya ng'ombe, ila haimaanishi imechinjwa kwa utaratibu wa halali.

Garda na Mantova

Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia, kilomita za mraba 370 hivi, na linagawanywa kati ya mikoa mitatu. Upande wa Lombardia kuna Sirmione, yenye ngome majini na magofu ya jumba la Kirumi kwenye ncha ya rasi. Unashuka Desenzano, kwenye reli ya Milano na Venezia. Panafaa kwa kuogelea na kwa familia kubwa, lakini bila gari vijiji vya kaskazini, kama Limone, vinataka subira ya basi na boti. Nisingeifanya Garda safari ya kwanza.

Mantova ni jambo jingine. Hakuna milima, na maziwa yake matatu ni mto Mincio uliozuiwa ukapanuka. Ni safari ya saa mbili hivi kutoka Milano, na Cremona ya mafundi wa fidla iko njiani. Ukipenda muziki, shuka huko uone Museo del Violino kisha uendelee. Mantova yenyewe inakwendewa kwa ajili ya familia ya Gonzaga, watawala wake wa zamani, na wasanii waliowaajiri. Ndani ya Palazzo Ducale kuna chumba kiitwacho Camera degli Sposi, alichokichora Andrea Mantegna kati ya 1465 na 1474. Inua macho: dari imechorwa kana kwamba ina tundu la mviringo lililo wazi kwa anga. Watoto wenye mabawa wameparamia ukingo, chungu kizito cha mti kimewekwa juu ya kijiti chembamba kama kinataka kukuangukia, na wanawake wanakuchungulia wakicheka. Mmoja wao ni mwanamke Mwafrika mwenye kilemba. Watalii wengi wanampita kwa sababu wanatazama familia ya watawala ukutani. Mtafute. Yuko pale tangu karne ya 15, anakuangalia wewe uliyeingia.

Ukipata muda, maliza na Palazzo Te, kazi ya Giulio Romano, hasa ukumbi wa majitu ambao kuta na dari zake zote zimechorwa jengo likiporomoka. Epuka Julai na Agosti kama huvumilii joto na mbu.

Kabla hujalipia

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Ukitokea Afrika Mashariki, yaelekea utatua Malpensa, ambapo treni inakupeleka Milano Centrale kwa chini ya saa moja. Hapo reli ya Tirano inaanza, na upande huo unakuwa rahisi. Ukitokea London, Brussels au Berlin kwa ndege za bei nafuu, mara nyingi utatua Orio al Serio, kilomita tano hivi kutoka Bergamo, na basi la mji linakufikisha chini ya nusu saa. Hilo pekee linaweza kukuamulia.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo kondakta atakutoza faini hata kama umelipa. Kuna tiketi ya siku kadhaa iitwayo Io viaggio ovunque in Lombardia, inayokupandisha treni za mkoa na mabasi; wenye kuzunguka kila siku watafaidika nayo, ila haihusu treni ya Uswisi. Hotelini utadaiwa kodi ndogo ya kila usiku juu ya bei ya chumba. Reli zote mbili hufanyiwa matengenezo majira ya joto, na mwaka 2024 kipande cha Tirano kilifungwa kwa miezi, watu wakasafirishwa kwa mabasi. Angalia tarehe zako kabla ya kulipia chumba kisichorudishiwa fedha.

Kwa Mei, Juni mwanzoni na Septemba, chagua kwa moyo wako. Kwa Agosti, hasa wiki ya tarehe 15 ambayo Waitalia wote wako likizo, nenda Brescia na Capo di Ponte na uiache Varenna. Na kwa tarehe za Novemba hadi Machi, bustani nyingi za Como zimefungwa na boti zimepungua, kwa hiyo lala Bergamo au Brescia, kisha panga usiku mmoja Tirano kwa ajili ya treni nyekundu, ambayo hupanda Bernina hata theluji ikiwa imefunika kila kitu.